Fedha Imetakata

Hanif, kaka yangu, alinipigia simu nikiwa kazini Njiru, na hata salamu hakunipa.

"Nasima, umemfanya nini mama?"

"Kwani mama ana nini?"

"Amefungua begi la safari. Nguo zote amezitoa, amezirudisha kabatini. Anasema haendi Umra tena. Nikimuuliza sababu, ananiambia, kamuulize dada yako."

Kamuulize dada yako! Damu ilinipanda kichwani hapo hapo. Hasira zangu haziko mbali, mtu akinigusa tu zimeshafika, na hilo nimelirithi kwa mwenyewe Bi Lela aliyenizaa. Lakini nyuma ya hasira kulikuwa na hofu. Mama ameitamani Makka tangu mimi niko nasari. Kila mwaka wanawake wenzake wa mtaa wa Ziwani, hapa Nairobi, wakisafiri, yeye huwasindikiza hadi uwanja wa ndege, akalia nao, kisha akarudi nyumbani kuinjika chungu. Mwaka huu mimi na Hanif tulijinyima tukamlipia. Siku tuliyomwambia, alikuwa anachagua mchele, akakaa vile vile na ungo mapajani, machozi yakimdondokea mcheleni. Sasa zimebaki siku chache ndege iondoke, ati haendi, na sababu ni mimi.

Ngoja nieleze kazi yangu kwanza, maana ndiyo iliyoleta balaa lote.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Ilikuwa likizo ya Agosti, na likizo zangu zote nazimalizia kwenye chumba kimoja tulichokodi Njiru, mimi na Muturi. Muturi ni fundi wa nyaya za pikipiki, mume wa rafiki yangu wa tangu shule, anayeitwa Wangu. Wazo lilikuwa lake. Baridi hii ya Julai na Agosti, mwendeshaji wa bodaboda akipumua ndani ya helmeti, kioo kinafunga ukungu. Akikipandisha, manyunyu yanamwingia machoni. Akikishusha, haoni lori lililo mbele yake. Muturi mwenyewe alishabingirika mtaroni pale Kangundo Road kwa sababu hiyo, na mpaka leo goti lake likiona mawingu linalalamika.

Tulichotaka ni kioo kinachopata joto chenyewe, ukungu uondoke. Ukipitisha waya wa kawaida, mtu ataona waya badala ya barabara. Dawa yake ni fedha. Fedha ile ya pete na bangili, si ya kununulia sukari. Unaichukua ikiwa chumvi, unaipika polepole kwenye glaikoli, jamaa ya maji ya kijani yanayotiwa kwenye radieta, pamoja na gundi fulani ya unga, mpaka inaota nyuzi. Nyuzi nyembamba hata jicho halizioni. Ukizimwaga juu ya plastiki na kuzisawazisha kwa fimbo ya chuma, zinalala ovyo ovyo kama tambi kwenye sahani. Kwa kuwa zinagusana, umeme unapita. Kwa kuwa zimeacha nafasi katikati, nuru nayo inapita. Unabaki na utando unaoonyesha upande wa pili, unaokunjika bila kuvunjika, na ukiupa betri unapata joto.

Kusema ni rahisi. Mwaka mzima tulipika uchafu. Nyuzi zinahitaji chumvi ya jikoni kidogo sana ili ziote, kidogo hata sungusungu hashibi, na ikizidi fedha yote inaganda vijidonge. Sisi tulikuwa tunasuuza vyombo kwa maji ya kisima ya Njiru, yale yanayoacha weupe kwenye sufuria ya chai! Siku nilipogundua, nilijitukana mpaka Muturi akaziba masikio. Tokea hapo tukawa tunanunua maji safi ya betri, na chumvi naipima mwenyewe.

Dirisha la chumba tumelibandika karatasi nyeusi, kwa sababu chumvi ya fedha haipatani na jua. Isitoshe, upepo ukigeuka, moshi wa jaa la Dandora unatufikia, na moshi ule ukiigusa fedha inakuwa nyeusi. Lakini mlango hatuufungi. Hilo ni sharti la mama: mwanamke asikae na mwanamume asiye maharimu wake ndani ya chumba kilichofungwa. Muturi alikubali bila kinyongo, na Wangu akasema mama yako ana akili kuliko sisi sote. Kwa hiyo mlango uko wazi, na mbele yake tumening'iniza blanketi zito.

Jambo la mwisho ni jina. Nyumbani kwetu madini hayo huitwa fedha. Bangili za bibi zilikuwa za fedha, na za kwenda dukani ni pesa, basi, hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa. Muturi alikuwa anasema "silver". Mimi nikamkataza. "Mtaa huu ukisikia silver tutavunjiwa usiku. Sema fedha, hakuna atakayejua tunaongea nini." Hiyo ndiyo akili yangu, mimi mwenye digrii.

Siku moja kabla ya simu ya Hanif, ndiyo kwanza tukafanikiwa. Majimaji yaligeuka manjano, yakawa ya kahawia, yakafifia, halafu yakaanza kumetameta ndani ya chupa kila ukiitikisa. Nilipiga kelele nikaruka. Jioni yake Mulama, msimamizi wa ploti, akatuletea kikapu cha mahamri na mbaazi za nazi, vimepoa.

"Mama yako alikuja mchana," akasema. "Alisimama hapo mlangoni kwenu, mara akageuka, akaniachia hiki, akaenda mbio. Hata kwaheri hakuniambia."

Nikadhani ana haraka za safari. Tukala mahamri yote.

Basi, baada ya simu ya Hanif nilivua glavu nikaenda Ziwani. Nilimkuta mama kwenye mkeka, tasbihi mkononi, begi tupu limesimama ukutani.

"Asalaam aleikum, mama."

"Waaleikum salaam." Sauti baridi, macho kwenye tasbihi.

"Hanif ananiambia—"

"Hanif amesema kweli. Siendi. Siwezi kwenda kusimama mbele ya Kaaba kwa nauli ya haramu."

"Haramu?" Sikuamini masikio yangu. "Mama, nauli yako ni tuition! Jumamosi na Jumapili nimekauka koo nikifundisha watoto wa watu!"

"Nasima." Akaiweka tasbihi chini. "Nitakuuliza swali moja, na usinidanganye, tumbo hili ndilo lililokubeba. Kule Njiru mnaosha fedha, hamwoshi?"

"Tunaosha."

Lilinitoka hivyo hivyo, jepesi kabisa, maana ndiyo kweli. Nyuzi zikishaota lazima zioshwe gundi na uchafu, la sivyo umeme haupiti.

"Tunaosha ndiyo," nikaendelea, na hasira zangu juu. "Kwani kuna ubaya gani? Tunaiosha kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, tena na tena. Isipooshwa haipiti."

Mama akashika kichwa kwa mikono miwili. "Haipiti wapi? Benki?"

"Benki? Mama, benki imeingiaje hapa?"

"Ya Rabbi, mtoto anakiri mwenyewe, tena hana hata haya!" Akaanza kulia. "Nilisimama mlangoni kwako na kikapu mkononi, nikasikia kwa masikio yangu haya. Ukapiga ukelele, 'Fedha imetakata! Muturi, njoo uone, fedha imetakata!' Na Muturi akakujibu, 'Usiambie mtu bado, tuitandaze kwanza.' Redio yangu hii kila siku inasema, fulani ameshtakiwa kwa kutakatisha fedha, fulani amefungwa kwa kutakatisha fedha. Na yule Mulama alishanionya langoni. Mama, akaniambia, wanao wale wana dirisha jeusi, wana glavu, wananuka dawa, watu wanasema ni wash wash. Lisemwalo lipo, Nasima!"

Hapo ndipo nilipoelewa, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi, kwa sababu nilicheka. Wash wash! Ule utapeli wa Nairobi, tapeli anakuonyesha bunda la makaratasi matupu, anakuapia kwamba ni noti zilizofichwa, zinataka dawa tu zioshwe zitokeze. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama aliniangalia tu.

"Unanicheka."

"Hapana, mama, sikiliza. Ni fedha ya pete! Fedha madini!"

"Na matapeli wote wa mji huu wana madini. Huyu ana dhahabu, yule ana fedha. Nani hajui?"

Nilieleza. Nilieleza glaikoli, nikaeleza tambi kwenye sahani, nikaeleza helmeti. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na tapeli, hata mimi mwenyewe nilijisikia. Mwisho uvumilivu ukaniisha.

"Basi usiende!" nikamwambia. "Kama unaamini umezaa mwizi, kaa hapo hapo, usiende!"

Nilimwambia mama yangu mzazi maneno hayo. Hakunijibu kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Vijana niliowashonea sanda mtaa huu," akasema taratibu, "hawakuwa wabaya. Walikuwa na adabu kukushinda. Walitaka tu pesa ya haraka, na mama zao walikuwa wa mwisho kujua. Mimi nimejua mapema, alhamdulillahi. Sitakushtaki kwa mtu yeyote. Lakini kama unafanya hayo, radhi yangu naiondoa, na Makka siendi. Nitaizungukaje Kaaba nikitufu huku moyo wangu uko Njiru unasubiri mtu apige simu?"

Radhi. Kwa watu wetu neno hilo halisemwi hivi hivi. Mtu anaweza kukosa mali, akakosa mume, akaishi. Akikosa radhi ya mama, atashika nini kifanikiwe? Nilikaa pale kwenye mkeka nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Aliyetuokoa alikuwa Bi Ummulkheir, kiongozi wa kundi lao la safari, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamuru. Aliingia kuulizia safari ya mama, akatukuta tunalia kila mtu upande wake. Alisikiliza huku, akasikiliza huku.

"Lela, wewe umesikia kwa masikio," akasema. "Macho yako bado. Kesho asubuhi twende Njiru ukaone. Wakala wa tikiti anataka jibu kabla ya alasiri. Ukiona ni haramu, mimi mwenyewe nitalifuta jina lako."

Mama akapangusa uso. "Nitakwenda. Na nitajua mwenyewe namna ya kujua."

Wakaja kweli asubuhi, buibui mbili nyeusi kwenye baridi, na Mulama nyuma yao akijifanya anafagia. Muturi alikuwa ameshapangusa meza. Juu yake tulikuwa tumelaza utando wetu mkubwa, ukubwa wa trei ya chai, wote wa fedha ile ya siku ile. Tulitaka kuukata vioo vya helmeti, tuwape waendeshaji wa stage ya bodaboda wavijaribu. Tulikuwa tumeukausha, lakini vanishi ya kuulinda bado hatujaupaka. Kipande kimoja kidogo tu, ncha tuliyoikata mwanzo, ndicho kilikuwa kimepata vanishi, nacho tulikuwa tumekibandika ndani ya kioo cha helmeti ya Muturi.

"Shikamoo, mama," Muturi akasema.

"Marahaba. Noti ziko wapi?"

"Noti?" Muturi akanitazama. Nilikuwa nimemweleza kwa simu, lakini naona alidhani namtania. "Mama, hapa hakuna noti. Hapa ni sayansi tu, aki ya nani."

Mama akafungua mfuko wake, akatoa beseni dogo la plastiki, chupa ya maji, kipande cha sabuni na leso nyeupe. Vitu vyake mwenyewe kutoka Ziwani, asije akadanganywa kwa vyetu. Akayamwaga maji beseni likajaa nusu.

"Mnasema makaratasi matupu yakioshwa noti hutokeza," akasema. "Sawa. Leo nitaosha mimi."

Akaunyakua ule utando mezani.

Muturi akaruka. "Mama, hapana! Hiyo haiguswi!"

"Ahaa!" Mama akaukumbatia kifuani. "Haiguswi kwa nini?"

Ningeweza kumnyang'anya. Nina nguvu kumshinda, na hasira zilikuwa zimeshafika mkononi. Nikaona Bi Ummulkheir ananitazama.

"Nasima," akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini. "Ukimzuia sasa, hatakuamini mpaka siku ya kiyama."

Mwaka mzima uko pale kifuani kwa mama. Nilimshika Muturi mkono.

"Mwache aoshe," nikasema.

"Nasima, unajua hiyo ni—"

"Najua. Mwache."

Mama akachutama, akauzamisha. Akapaka sabuni. Akasugua kwa leso namna anavyosugua kola za mashati ya Hanif, upande huu, upande ule, bila huruma. Niliyaona maji yakibadilika, yakaanza kumeta kijivu, na nikajua kila uzi uliokuwa umelala mahali pake unaondoka. Nilitaka kutazama kando, nikashindwa. Akauinua, akaukung'uta, akauelekeza kwenye nuru ya mlangoni.

Plastiki tupu, safi, inaonyesha upande wa pili.

Akaugeuza. Akarudi kusugua, safari hii kwa kucha. Akauinua tena.

"Ziko wapi?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Labda dawa haijakolea," Mulama akasema kutoka nyuma ya blanketi.

"We Mulama!" Bi Ummulkheir akamkaripia. "Kafagie!"

Mama aliangalia ndani ya beseni. Akatia mkono, akapapasa chini, akatafuta kama anatafuta pete iliyoanguka. Hapakuwa na noti, hapakuwa na sura ya mtu wala namba wala rangi. Mkono ulipotoka ulikuwa na vumbi jembamba la kijivu linalometameta kwenye mistari ya kiganja. Akaligusa kwa kidole cha mkono wa pili. Akalifikicha. Mama alizivaa bangili za bibi tangu ujana wake mpaka zilipouzwa baba akiwa hospitali, na anaijua rangi ile.

"Hii ni fedha," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Fedha ya kweli."

"Ndiyo."

Muturi akaketi kwenye mtungi uliopinduliwa na kuvua kofia. "Hiyo ndiyo ilikuwa yote," akasema, wala hakumsema yeyote, alijisemea tu. "Yote kabisa."

Mama akamsikia. Akamtazama Muturi, akanitazama mimi, kisha akakitazama kile alichokishika mkononi kinachodondoka maji ya sabuni. Nikaona uso wake unaelewa polepole. Ningemwambia si kitu, mama, lakini singeweza, kwa sababu ilikuwa kitu. Nilikuwa na uchungu wa kupasuka. Nikanyamaza tu, na kwangu mimi huo ni muujiza.

"Ulijua nitaiharibu," akasema.

"Nilijua."

"Na ukaniacha."

"Ungeamini vipi?"

Alikaa amechutama pale mbele ya beseni, leso imegeuka kijivu mkononi, na sikuwahi kumwona mdogo namna ile.

Muturi ni mtu mwema kunishinda, nitakula kiapo. Ndiye aliyeinuka. Akachukua helmeti yake rafuni, akaipangusa kwa mkono wa sweta.

"Mama," akasema, "kuna kipande kimoja kilibaki. Kiko humu ndani. Njoo uone tulikuwa tunafanya nini."

"Helmeti?" Bi Ummulkheir akashtuka. "Juu ya buibui?"

"Hapandi pikipiki, Bi. Anajaribu tu."

Nilidhani mama atakataa. Akainuka, akatoka uani, akasimama kwenye baridi ile, akaiinamisha shingo avishwe kama bibi harusi. Muturi akamvalisha taratibu asimvute mtandio, akamshushia kioo. Halafu akachuchumaa kwenye pikipiki yake kuzitafuta nyaya za betri. Mulama akaacha kujifanya anafagia.

Mama alikuwa akihema kwa kilio alichokizuia, na pumzi ile yote ikaishia kwenye kioo. Ukungu ulifunga mara moja, mweupe, uso wake ukapotea kabisa.

"Sioni kitu," akasema ndani kule, sauti imezibika. "Nasima, uko wapi?"

"Niko hapa mbele yako, mama."

Akanyoosha mkono, nikaushika. Ulikuwa bado na maji ya sabuni.

"Usiniambie kitu kwanza," akasema. "Nisikilize wakati sikuoni, ndiyo nitaweza. Mtu akienda Umra huomba watu radhi. Nimezunguka Ziwani yote, mlango kwa mlango. Nimemwomba hata yule wa duka la pembeni, na unajua tulivyotukanana. Kwako sikuja. Nilisema moyoni, mtoto haombwi radhi, mtoto ndiye anayeomba." Nikasikia anavuta kamasi. "Nimekudhania uovu, mwanangu. Nimekutangazia kukuondolea radhi yangu kwa jambo ambalo hukulifanya. Na kazi yako nimeiosha kwa mkono wangu. Niwie radhi, Nasima."

Muturi aliunganisha nyaya. Hapana sauti, hapana cheche, hakuna chochote cha kuonyesha kwamba kitu kimetokea. Nilisubiri nikiwa nimemshika mkono, na nasema kweli, jibu halikuja upesi. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa pamoja. Niliufikiria ule utando, na jinsi ulivyokuwa umelala mezani asubuhi ile hauna kasoro. Kisha nikafikiria kwamba chumvi naijua sasa, maji nayajua, moto naujua. Kilichooshwa ni fedha tu. Namna ya kuitengeneza iko kichwani mwangu, na huko sabuni haifiki.

"Nimekuwia radhi, mama," nikasema. "Na wewe niwie. Nilikuambia usiende."

"Nimeshakuwia tangu jana. Utaweza kutengeneza nyingine?"

"Nitaweza. Ukirudi utaikuta."

"Ukirudi?" Bi Ummulkheir akadakia, sauti yake imerudi yote. "Kwa hiyo wakala nimwambie nini?"

"Mwambie Lela anakuja," mama akasema. "Na wewe, Ummulkheir, ukirudi Ziwani usimsimulie mtu habari ya beseni."

"Mimi? Lahaula! Mimi nasimuliaga?"

Mulama alicheka, na Muturi naye, na hapo nikaona ukungu umeanza kufunguka. Ulianzia katikati ya kioo, doa dogo, likatanuka kila upande, polepole, bila mtu kulifuta. Pua ikaonekana, kikaja kidevu, yakaja macho yake, mekundu, yamejaa machozi, yananitazama. Muturi alisema kitu kuhusu betri, sikumsikia. Mama akageuza kichwa akatazama ua mzima, nguo kwenye kamba, ufagio wa Mulama, kisha akarudi kwangu. Machozi yakaanza kumtiririka. Akainua mkono ayafute, na vidole vikagonga kioo. Alikuwa amesahau kwamba kipo.